Kitabu Kisicho na Jalada: Historia Fupi ya Swali "Unasoma Nini Siku Hizi?"

Riwaya ya kwanza niliyoisoma kwa hiari yangu, bila kulazimishwa na mwalimu, haikuwa na jalada. Kurasa kumi na kitu za mwanzo zilikuwa zimechomoka, na za mwisho pia. Ilifika nyumbani kwetu Morogoro mkononi mwa mjomba, aliyeazimwa na mwenzake kazini, ambaye naye alisema kitabu ni cha shemeji yake. Nani hasa aliyekinunua? Hakuna aliyejua. Niliimaliza kwa siku mbili. Nilipofika pale mpelelezi anapokaribia kumtaja muuaji, karatasi zikaishia hapo. Nilitaka kulia. Mjomba akacheka, akaniambia, "Tulia wewe, nitakuhadithia." Akanihadithia mwisho wote jikoni, mama akiwa anamenya ndizi, na najua hadithi ilikuwa nzuri kwa sababu hata mama alisimamisha kisu.

Baadaye sana nilikuja kujua kwamba kitabu kile kilikuwa *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla. Nitarudi kwenye mwisho aliotuhadithia mjomba, maana una kisa chake.

Nimekumbuka haya kwa sababu wapenzi wa vitabu tukikutana siku hizi hatukosi kuulizana: unasoma nini? Umekipenda? Na kila mara hakosi mmoja wa kusema, kwa huzuni ya mtu mwenye uhakika, kwamba Waswahili hatusomi. Tunapenda kusikiliza, tunapenda kuongea, lakini kusoma, ah wapi. Ushahidi wake ni mauzo: wachapishaji wanachapisha nakala chache na hizo chache zinakaa ghalani miaka. Sibishi kuhusu mauzo. Ninachobisha ni kuhesabu wasomaji kwa risiti. Kitabu cha mjomba kilinunuliwa mara moja tu, lakini hadi kinafika kwangu kilikuwa kimepita mikononi mwa watu wasiopungua wanne, na bado simhesabu mama aliyekisikia bila kukishika.

Basi leo naomba tuitazame historia ya riwaya ya Kiswahili kwa upande wa wale waliokuwa wakiazimana vitabu.

Gazeti moja, masikio mengi

Wengi tunaanzia kwa Shaaban Robert, lakini mazoea ya kusoma pamoja ni ya zamani zaidi yake. Pwani yote tenzi zilighaniwa mbele ya watu. Aliyejua kusoma alisoma, asiyejua alisikiliza, na wote wawili waliijua kazi. Mwaka 1923 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilipoanza kuchapa gazeti la *Mambo Leo*, gazeti lile liliingia katika desturi hiyohiyo. Nakala moja ikifika kijijini, ilisomwa kwa sauti. Wasomaji hawakukaa kimya pia: walipeleka mashairi, wakajibizana, wakapingana. Hata Shaaban Robert mwenyewe watu wengi walimjua kwanza kwa mashairi yake magazetini kabla hawajaona kitabu chake.

Riwaya yenyewe ilikuja ikiwa imevaa sare ya shule. Mwaka 1929 Frederick Johnson alitoa *Mashimo ya Mfalme Sulemani*, tafsiri ya kitabu cha H. Rider Haggard. Mwaka 1934 James Mbotela alitoa *Uhuru wa Watumwa*, na hadi leo wahakiki hawajakubaliana tukiite riwaya au historia. Vilikuwa vitabu vya darasani, vikiwa na makusudi ya serikali na ya misheni ndani yake. Lakini msomaji ni mtu mkaidi. Hupewa kitabu kimfundishe adabu, yeye akakumbuka safari, hatari na hazina.

Shaaban Robert alitoa *Kusadikika* mwaka 1951. *Kufikirika*, ambayo aliiandika miaka ya arobaini, haikutoka hadi 1967, na yeye alikuwa amefariki tangu 1962. Hebu lifikirie hilo: mwandishi mkubwa kuliko wote wa zama zake, na riwaya yake ikakaa miaka ishirini bila msomaji. Anayesema watu hawakusoma ajiulize pia kama kitabu kiliwafikia.

Bwana Msa na adabu ya kutofichua

Mwaka 1948 ilianzishwa East African Literature Bureau, makao yake Nairobi, ili ichapishe vitabu kwa lugha za Afrika Mashariki na kuvisambaza. Hapo kwenye kusambaza ndipo panaponivutia. Shirika lilikuwa na huduma za maktaba: masanduku ya vitabu yaliyopelekwa mahali pasipo na maktaba, na vitabu vya kuazima kwa njia ya posta. Yaani kuna mtu aliyekaa mbali na mji, akaandika barua ya kuomba kitabu, akakipokea, akakisoma, akakirudisha, na kitabu kikaenda kwa mwingine asiyemjua.

Shirika hilohilo liliendesha mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya 1957 na 1958, na mshindi akawa Mzanzibari mmoja aliyekuwa mhariri wa gazeti la *Mkulima*. Ndiye Muhammed Said Abdulla, na hadithi yake ndiyo *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyotoka 1960. Humo akatuletea Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko chake, mtulivu, anayefumbua mambo kwa kuwaza wakati wenzake wanababaika. Ukoo wake na Sherlock Holmes hauna siri, lakini maneno yake ni ya Unguja na watu wanaomzunguka ni wa Unguja. Zikafuata *Kisima cha Giningi* (1968), *Duniani Kuna Watu* (1973), *Siri ya Sifuri* (1974), na nyinginezo hadi *Kosa la Bwana Msa* mwaka 1984.

Nafikiri Bwana Msa alibadilisha namna tunavyozungumza kuhusu vitabu. Utenzi unaweza kuhadithiwa wote na bado mtu akataka kuusikia. Utamu wake hauko kwenye kutojua mwisho. Hadithi ya upelelezi si hivyo. Ukinitajia muuaji umeniharibia. Kwa hiyo likazuka jambo jipya katika mazungumzo yetu: kusifia kitabu bila kukifichua. "Umefika wapi? Aa, bado, wewe soma tu, tutaongea." Kila msomaji wa rika langu anaikumbuka sauti hiyo, na uso wa anayeitoa, akijizuia asicheke.

Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akatoa *Simu ya Kifo*, na upelelezi ukahamia kwenye mji wa simu na magari. Kufikia hapo riwaya ya Kiswahili ilikuwa imepata kitu ambacho shule haiwezi kukipa kitabu: watu waliokitafuta wenyewe.

Chini ya dawati

Halafu ikaja elimu ya watu wazima. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima Tanzania hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1986 serikali ilitangaza kwamba waliobaki hawafiki asilimia 10. Hata ukizipunguza hizo takwimu kidogo kwa tahadhari, bado ni mamilioni ya watu waliofunguliwa mlango katika muda usiozidi miaka ishirini. Mtu akishajua kusoma vitabu vya kilimo bora na afya, atataka nini tena? Atataka hadithi.

Katikati ya kipindi hicho, mwaka 1971, kijana wa Ukerewe aitwaye Euphrase Kezilahabi alitoa *Rosa Mistika*. Ni hadithi ya binti aliyelelewa kwa ukali wa baba hadi akaogopa hata kusemeshwa na mvulana, kisha akapelekwa mbali na nyumbani bila kuandaliwa kwa lolote. Kitabu kilisema waziwazi mambo ambayo watu wazima waliyajua na hawakuyasema. Kikapigwa marufuku mashuleni.

Unajua kinachotokea kitabu kikipigwa marufuku shuleni. Dada mmoja wa mtaani kwetu, mkubwa kwangu kwa miaka mingi, alinisimulia kwamba yeye na wenzake bwenini walikisoma kwa zamu, kila mmoja na usiku wake, kikiwa kimefunikwa kwa jalada la daftari la hesabu. Nilimuuliza kama walikisoma kwa sababu ya yale mambo. Akanitazama. "Mwanzoni ndiyo," akasema. "Lakini mwishoni tulikuwa tunalia. Yule baba tulikuwa tunamjua. Kila mmoja wetu alikuwa na wa kwao."

Sijapata uhakiki wa *Rosa Mistika* unaozidi sentensi hizo. Na tazama: kilichomfikishia kitabu si orodha ya wizara wala tangazo la mchapishaji. Ni msichana mwenzake aliyesema, kisome hiki, ila kesho nakitaka.

Mwaka 1977 na baada yake

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Tunauzungumzia mwaka huo kwa habari za reli, ndege na posta. Kwa msomaji ulikuwa pia mwaka wa vitabu. Literature Bureau ilikuwa taasisi ya Jumuiya, ikafa nayo. Mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Waandishi wengi wa Tanzania walikuwa wakichapishwa Nairobi, na ghafla Nairobi ikawa mbali. Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar alitoa *Utengano* mwaka 1980 kwa mchapishaji wa Kenya, wakati huo mpaka bado umefungwa. Kisha vita vya Uganda vya 1978 na 1979, kisha uhaba wa fedha za kigeni, na uhaba wa karatasi ukafuata.

Cha ajabu ni kwamba hiyohiyo ndiyo miaka ya mavuno. Adam Shafi alitoa *Kasri ya Mwinyi Fuad* mwaka 1978, na mwaka uliofuata akatoa *Kuli*, riwaya ya wapagazi wa bandarini Zanzibar na mgomo wa 1948. Kezilahabi alitoa *Gamba la Nyoka* mwaka huohuo wa 1979. Waandishi walikuwepo na wasomaji walikuwepo. Kilichokosekana ni nakala.

Hapo ndipo kuazimana kulipokuwa utaratibu wenye sheria zake. Mtaani kwetu sheria zilikuwa hizi: hukiazimishi kitabu ulichoazimwa bila ruhusa, na kila mtu alikiazimisha. Hukunji ukurasa. Ukila, unanawa kwanza. Aliyekichelewesha zaidi ya juma moja anapitishwa kwenye foleni inayofuata. Kulikuwa na kijana mwenye sanduku la mbao aliyekodisha riwaya kwa siku, shilingi chache, na kukipoteza ilikuwa deni zito kuliko la unga. Vitabu vilishonwa upya kwa uzi wa magunia, vikabandikwa majalada ya makaratasi ya saruji, na jina la kitabu likaandikwa kwa kalamu ya wino na mtu aliyejisikia ana mwandiko mzuri. Ndiyo maana vya kwetu vingi havikuwa na kurasa za mwanzo na mwisho. Ndizo zinazoshikwa zaidi.

Na tulisoma nini? Tusidanganyane. Tulisoma Elvis Musiba. *Kufa na Kupona* ilitoka 1974, na Willy Gamba wake alikuwa mpelelezi wetu sisi, anayepambana na majasusi wa Makaburu wakati vyama vya ukombozi vina ofisi Dar es Salaam. Siasa ile ile tuliyoisikia redioni ikitutoa usingizi, kwa Musiba ilitukosesha usingizi. Baadaye tukamsoma Ben Mtobwa na Joram Kiango wake, hadi *Dar es Salaam Usiku* ya 1990. Mtobwa alifungua kampuni yake mwenyewe ya uchapishaji, Heko, na Musiba naye alikuwa na yake, Continental. Waandishi hawa walijua wasomaji wao wako wapi na hawakungoja kuruhusiwa.

Wasomi wana jina la riwaya hizi: riwaya pendwa, wakizitenganisha na zile wanazoziita riwaya dhati. Jina lenyewe huwa linanichekesha. Pendwa! Kana kwamba kupendwa ni kasoro ya kizazi. Naelewa wanachomaanisha, si kila kitabu cha bastola kina la kusema mara ya pili. Lakini mgawanyo huu umetuletea hasara moja kubwa, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Orodha na kumbukumbu

Hasara ni hii. Historia ya fasihi yetu imeandikwa kwa kiasi kikubwa kwa kufuata orodha za shule. Kitabu kilichoteuliwa kufundishwa huchapishwa upya, huandikiwa mwongozo, huwekwa maktaba. Nchini Kenya *Siku Njema* ya Ken Walibora, iliyotoka 1996, iliingia mashuleni, na leo unaweza kukaa na Wakenya kumi wasiojuana, ukataja jina la Kongowea Mswahili, mazungumzo yakawaka. Hilo ni jambo jema kabisa. Walibora alipofariki mwaka 2020 watu waliomlilia walikuwa pamoja na wale ambao hawajafungua riwaya nyingine tangu mtihani. Orodha ya shule, ikikutana na kitabu kizuri, inaweza kuzaa mapenzi ya kweli.

Lakini kilichobaki nje ya orodha kinategemea nini? Kumbukumbu tu. Riwaya nyingi za miaka ya sabini na themanini zilizosomwa hadi zikachanika leo hazipatikani. Zimechanika kwa sababu zilipendwa. Ndiyo kejeli chungu ya jambo lenyewe: kitabu kisichosomwa kimebaki safi kwenye rafu ya maktaba, na kitabu kilichosomwa na mtaa mzima kimekwisha kama sabuni. Vivyo hivyo hadithi za mfululizo za magazetini, zile za Eric Shigongo na wenzake, ambazo watu walinunua gazeti kwa ajili yake na kukata vipande wakavihifadhi. Wangapi bado wana vile vipande?

Mtafiti akija kesho kuuliza Watanzania walisoma nini mwaka 1985, atapata orodha ya wizara. Jibu la kweli liko vichwani mwa watu wenye miaka hamsini, sitini na sabini, na hao hawadumu. Kwa hiyo swali letu la "unasoma nini" si la kupitisha muda. Kwa rika la wazazi wetu inabidi tulibadilishe kidogo: ulikuwa unasoma nini? Nani alikuazima? Uliishia wapi?

Jambo la kutia moyo ni kwamba swali likiulizwa kwa sauti, vitabu huamka. Filamu ya *Vuta N'kuvute* ilipotoka 2021, niliona vijana wakiitafuta riwaya ya Adam Shafi ya 1999 kana kwamba imetoka jana. Mwaka huohuo Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar anayeandika kwa Kiingereza, alipata Tuzo ya Nobel, na mwaka uliofuata *Paradise* yake ya 1994 ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza ili nijue. Mara ya pili kwa sababu niliona aibu kwamba kitabu cha watu wetu kilizunguka dunia miaka karibu thelathini kabla hakijabisha hodi kwa lugha yetu. Nakala yangu sasa iko kwa binamu yangu Tanga. Nimeshakata tamaa ya kuiona tena, na sijachukia sana.

Mwisho wa mjomba

Sasa nirudi jikoni kwetu. Miaka mingi baadaye, nikiwa napekua vitabu vilivyotandikwa chini kando ya barabara Dar es Salaam, nilikiona *Mzimu wa Watu wa Kale* kizima, chenye jalada, mwanzo na mwisho. Nikanunua bila kubishana bei. Nikasoma ndani ya daladala nikapitiliza kituo.

Muuaji hakuwa yule aliyetutajia mjomba. Hakukaribia hata kidogo. Mwisho wote ule, pamoja na maneno ya Bwana Msa ambayo mjomba aliyatoa kwa sauti nzito akiwa ameshika mwiko kama kiko, haumo kitabuni. Ndipo nikaelewa kwamba mjomba naye alikipokea kitabu kikiwa hakina mwisho. Hakuwahi kujua nani aliua. Aliniona naelekea kulia, akaniundia mwisho.

Alikuwa amefariki miaka mitatu kabla, kwa hiyo sikupata kumwambia. Ningependa kumpelekea kile kitabu. Ningependa kumwona akifika ukurasa ule, na mimi nikijizuia nisicheke, nikimwambia, soma tu, tutaongea.

Nilimpigia mama. Nikamweleza muuaji halisi ni nani. Akanyamaza kidogo kisha akasema, "Basi mimi nabaki na wa kaka yangu." Nikamwachia. Lakini nilimuuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza maishani mwangu: yeye alikuwa akisoma nini siku zile? Akanitajia vitabu sita. Viwili sijawahi kuvisikia, na mpaka leo bado navitafuta.